Sutuhi Hupangwa na Boriti: Uchambuzi wa Bustani za Juu ya Nyumba za Mawe

Ukipanda kwenye sutuhi, yaani paa bapa, ya nyumba ya mawe iliyotunzwa vizuri, iwe Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, aghalabu utakuta mpango mmoja. Vyungu vikubwa vya maua vimebanwa kwenye kuta za pembeni, katikati pametandikwa mikeka na mito, na upande mmoja umeezekwa makuti. Mgeni huuona mpango huo kuwa ni suala la ladha. Ladha imo, lakini haikutangulia. Zilizotangulia ni boriti, chokaa, maji ya masika na upepo wa kusi. Mapambo yakaja kukaa pale yaliporuhusiwa. Anayetaka kupamba sutuhi yake, ya mawe au ya zege, anafaa ajue kwanza mpango huu ulifikiwaje, kwa kuwa kosa la mapambo ya juu huishia kuwa ufa au mvujo katika chumba cha chini.

Uzito

Sutuhi ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya pwani: kwa kawaida mita 2.5 hadi 3, hata nyumba ikiwa ya tajiri. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto, na mwisho huja sakafu ya chokaa iliyopigwa kwa vigongo vidogo mpaka ikashikana. Tabaka hizo kwa pamoja zaweza kufika unene wa sentimita 30 na kuzidi. Kwa hiyo kabla hujapandisha chungu hata kimoja, boriti tayari zimeelemewa.

Tupige hesabu. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 50 na kimo cha sentimita 50 huingiza takriban lita 98. Udongo wa shambani ukilowa hukaribia kilo 1.8 kwa lita, hivyo udongo peke yake ni kilo zipatazo 175, bila chungu chenyewe wala mmea. Kanuni za Uingereza za BS 6399, zilizotumiwa sana na wahandisi wa Afrika Mashariki, ziliweka mzigo wa sakafu ya nyumba ya kuishi kuwa takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Chungu kimoja kinachokalia chini ya robo ya mita ya mraba kimeshapita kiwango cha mita nzima. Na boriti za karne zilizopita hazikuwekwa kwa kanuni hizo. Ziliwekwa kwa uzoefu wa mafundi, na tangu hapo zimezeeka.

Boriti iliyoshikwa ncha zote mbili hupinda zaidi mzigo ukiwa katikati, na hupinda kidogo tu mzigo ukiwa karibu na ukuta. Ndiyo maana vyungu vizito vikapelekwa pembeni na katikati pakaachiwa watu, ambao hukaa wakaondoka. Lakini si kila ukuta unafaa. Ukuta unaokwenda sambamba na boriti haupokei ncha zake, na chungu kilichowekwa kando yake, katikati ya urefu wa boriti, hukandamiza boriti moja au mbili pale zilipo dhaifu. Njia ya kujua ni rahisi: teremka chumba cha chini, tazama juu, ujue ncha za boriti zimeingia kuta zipi. Hizo ndizo kuta za vyungu vikubwa.

Mwenye nyumba ya zege asijione amesalimika. Paa la zege ambalo halikukusudiwa kukanyagwa huweza kuwa limekadiriwa kwa mzigo wa kilo 60 au 75 tu kwa mita ya mraba. Naye aweke vizito juu ya kuta na mihimili, na kabla ya kujenga kitalu cha matofali huko juu amwite mhandisi.

Njia ya pili ya kupunguza uzito ni kuubadili udongo wenyewe. Pwani tuna makumbi ya nazi. Makumbi yaliyosagwa, yakichanganywa na mboji na mchanga kidogo, hushika maji vizuri na huwa mepesi sana kuliko udongo wa shambani. Kuna sharti moja: makumbi mengi ya kwetu hufukiwa ufukweni ili kupata nyuzi za usumba, na yakitoka huko yana chumvi. Yaloweshwe kwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa mara kadhaa kabla ya kupandia, la sivyo majani yataungua kingo hata umwagilie vipi.

Maji

Ukuta unaofaa kubeba uzito ndio huohuo usiotakiwa kuloa. Ncha ya boriti iliyozama ndani ya ukuta haipati hewa, na unyevu ukiifikia huanza kuoza mahali ambapo jicho halifiki. Chokaa ya zamani hunywa maji kidogo na kuyatoa tena jua linapowaka. Chungu kilichokaa moja kwa moja juu ya sakafu huiziba isikauke, na kila siku ya kumwagilia huongeza doa lilelile. Basi kila chungu kiinuliwe kwa vipande vitatu vya tofali au mbao, sentimita 3 hadi 5, na kiachwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake. Kuinua huko kunazuia pia mizizi isitoke tunduni na kuingia nyufani. Mitini, hata ile inayouzwa kama maua ya chunguni, haina mahali juu ya nyumba ya mawe. Mbegu zake zikiletwa na ndege tu huota ukutani na kuupasua.

Wengi huona dawa ya mvujo ni kupiga saruji juu ya chokaa. Saruji ni ngumu kuliko iliyo chini yake. Nyumba inapotanuka kwa joto saruji hupasuka, maji huingia kwa nyufa, kisha hushindwa kutoka. Sakafu ya chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Halafu kuna milizamu, yaani mifereji ya kutolea maji ya mvua. Sutuhi ina mwinamo mdogo unaopeleka maji kwenye milizamu, na majani yaliyopukutika huiziba kwa mvua moja. Maji yakisimama kwa kina cha sentimita 10 ni kilo 100 kwenye kila mita ya mraba. Kwa hiyo mimea inayopukutisha sana isikae karibu na mlizamu, na kabla ya masika kuingia mwezi Machi, milizamu yote izibuliwe.

Jua na upepo

Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jambo hili hubadili bustani nzima. Mwezi Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Desemba hupita upande wa kusini, kama nyuzi 73. Ukuta wa upande wa kaskazini wenye kimo cha mita 1 hutoa, adhuhuri ya Juni, kivuli cha zaidi kidogo ya nusu mita miguuni pake. Desemba hapo hapo pako juani. Mnanaa usiopenda jua kali unahitaji kuhamishwa msimu unapogeuka, na kinachohamishika ni chungu kidogo. Uzito na jua vinatuelekeza kwenye jambo moja.

Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu Aprili hadi Septemba, kaskazi huja mwisho wa mwaka. Zote hubeba chumvi. Panga mimea kwa zamu: ya kuhimili mbele, ya kulindwa nyuma. Bogonvilia hustahimili chumvi na ukame, na huchanua vyema zaidi mizizi yake ikibanwa, kwa hiyo haidai chungu kikubwa. Miiba yake inataka iwekwe mbali na njia. Waridi la jangwani, mmea wa asili wa Afrika Mashariki na Uarabuni, huhifadhi maji kwenye shina lililovimba na huridhika na chungu kifupi. Utomvu wake ni sumu, uliwahi kupakwa kwenye mishale, hivyo usikae penye watoto. Alovera nayo ni ya mstari wa mbele. Nyuma yao, penye utulivu, ndipo pa asumini. Ua lake hufunguka jioni, wakati watu wanapanda juu kupunga upepo. Likiwekwa upande upepo unakotokea, nyuma ya bogonvilia, harufu huwafikia waliokaa. Mchaichai na mrehani vikae karibu na mahali chai inapopikwa.

Vifaa

Juu ya Emerson on Hurumzi (zamani 236 Hurumzi), nyumba ya Mji Mkongwe iliyokuwa ya tajiri Tharia Topan na sasa ni hoteli, wageni huvua viatu na kukaa chini juu ya mito. Mpango huo una faida tatu za kiufundi: mito ni miepesi, uzito wa watu husambaa badala ya kusimama kwenye miguu minne ya kiti, na upepo haupati cha kuangusha. Panapohitajika viti, mbao za mvule au msaji hustahimili, na skrubu ziwe za shaba au chuma cha pua, kwani chuma cha kawaida hufura kwa kutu na kuipasua mbao.

Makuti ni kivuli chepesi kuliko vyote, lakini upepo huyanyanyua. Nguzo zake zifungwe kwenye kuta. Sakafu isitobolewe kamwe. Na chini ya makuti taa ziwe za umeme au za jua, wala si mishumaa. Taa hizo zielekee chini, na mimea ya kutambaa izibe upande unaotazama ua wa jirani. Kuta za sutuhi zilijengwa kwa kimo chake ili kulinda stara, na pambo linalomvunjia jirani stara yake limekosea kazi.

Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Unguja ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kibali chake kitafutwe kabla ya mbao ya kwanza kupanda ngazi. Fedha nazo zifuate utaratibu huohuo: kwanza fundi wa boriti na chokaa, pili milizamu, tatu kivuli, kisha mimea, na mito mwisho. Wanaoanzia mwisho huo ndio wanaolipa mara mbili. Masika yakipita, shuka chini ukakague ncha za boriti. Zikiwa kavu, umepamba vizuri.