Betri Isiyopozwa: Gharama Halisi za Kumiliki Nissan Leaf katika Nchi ya Joto

Nissan Leaf, gari dogo la umeme lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010, ni miongoni mwa magari ya kwanza ya umeme yaliyotengenezwa kwa wingi kwa ajili ya mnunuzi wa kawaida, na kwa kuwa toleo la Japani lina usukani wa kulia na hupatikana katika minada ya magari yaliyotumika, limekuwa mlango ambao wanunuzi wengi wa Tanzania na Kenya huupitia kuingia katika umiliki wa gari la umeme. Gharama zake za kila siku kwa kawaida huelezwa kwa kulinganisha bei ya uniti ya umeme na bei ya lita ya petroli, kisha hesabu ikafungwa. Hesabu ya namna hiyo haina kosa, ila imekatwa kabla ya kufika mwisho, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya gari hili inatokana na uamuzi mmoja wa wahandisi wake, yaani kuiacha betri bila mfumo wowote wa kuipoza.

Betri ya Leaf ya mwanzo ilikuwa na ujazo wa kilowati-saa 24, ambazo kwa lugha ya mita ya nyumbani ni uniti 24. Iliundwa kwa seli 192, yaani vyumba vidogo vya kuhifadhia umeme vilivyofungwa katika vifuko bapa, vikapangwa vinne vinne katika moduli 48, na moduli hizo zikawekwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu ya gari. Mota inayolisukuma gari, pamoja na inveta, ambayo ni kifaa kinachobadilisha umeme wa betri kuwa umeme unaofaa kuzungusha mota, vilipewa maji ya kupoza, pampu na rejeta, sawa na injini ya petroli. Betri, ambayo ndiyo kiungo ghali kuliko vyote, haikupewa chochote: sanduku lake limezibwa, na joto hutoka kwa kupenya taratibu kwenye chuma na kuchukuliwa na upepo unaopita chini ya gari. Faida za uamuzi huo zilikuwa dhahiri, kwa maana sanduku lilikuwa jepesi na rahisi, halikuwa na mabomba ya kuvuja, na gharama ya kulitengeneza ilipungua, jambo lililosaidia kulifanya gari kuwa la bei nafuu. Hasara yake haikuonekana siku ya kuuza.

Ili kuielewa hasara hiyo ni lazima kutazama kinachotokea ndani ya seli. Seli ya lithiamu hufanya kazi kwa kusafirisha chembe za lithiamu zenye chaji kutoka upande mmoja kwenda mwingine wakati wa kuchaji, na kuzirudisha wakati wa kutumia. Lakini pembeni ya kazi hiyo kuna mabadiliko mengine ya kikemia yasiyotakiwa, ambayo hunasa lithiamu kidogo kidogo katika utando unaozidi kuwa mnene, na katika seli zinazotegemea manganizi kama zile za Leaf ya mwanzo, huyeyusha pia sehemu ya madini yenyewe. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba kasi ya mabadiliko ya aina hii hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na jambo hilo huendelea hata gari likiwa limeegeshwa, tena hukazana zaidi betri inapokuwa imejaa. Joto, muda na chaji kamili ndivyo vitu vitatu vinavyoizeesha betri, na mwenye gari katika pwani ya Afrika Mashariki ana viwili vya kwanza bila kuvitafuta.

Mji uliofichua tatizo hili ulikuwa Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako mwaka 2012 wamiliki wa magari ambayo hayakuwa na umri hata wa miaka miwili walianza kuona vidirisha vya ujazo wa betri vikipotea kwenye dashibodi. Leaf ina vidirisha 12 vya namna hiyo, na mpangilio wake si sawa kama unavyodhaniwa: kidirisha cha kwanza hupotea betri inapokuwa imepoteza asilimia 15 ya uwezo wake wa awali, na kila kinachofuata huwakilisha asilimia 6.25 hivi, kwa hiyo gari lenye vidirisha tisa limebakiwa na takriban asilimia 66 hadi 72 ya uwezo, wala si robo tatu kamili kama hesabu ya haraka inavyoashiria. Nissan ilijibu kwa kuongeza dhamana ya uwezo nchini Marekani, iliyohesabu betri kuwa na kasoro endapo ingeshuka chini ya vidirisha tisa ndani ya miaka mitano au maili 60,000, ambazo ni kama kilometa 96,000. Kisha ikabadilisha mchanganyiko wa kemikali, na betri iliyotokea katika magari ya toleo la 2015 ikapewa jina la utani la betri ya mjusi, kwa kuwa mjusi hustahimili joto. Kemia iliboreshwa, lakini sanduku likabaki vilevile bila kupozwa.

Baada ya hayo ndipo hesabu ya umeme inapopata maana yake. Gari la aina hii, likipimwa kwenye soketi ya ukutani na kujumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, hutumia kama uniti 18 kwa kilometa 100. Nchini Tanzania, mteja wa kawaida wa shirika la umeme, TANESCO, katika daraja la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani na tozo za wakala wa nishati vijijini, REA, na mamlaka ya udhibiti, EWURA, hufikia takriban shilingi 356, hivyo kilometa moja hugharimu shilingi 64. Ikichukuliwa kwa mfano bei ya petroli ya shilingi 2,800 kwa lita, na gari dogo linalokwenda kilometa 12 kwa lita katika foleni za mjini, kilometa moja ya petroli hugharimu shilingi 233. Kwa mwendo wa kilometa 1,000 kwa mwezi, tofauti ni karibu shilingi 169,000 kila mwezi, na kwa kaya nyingi hiyo si fedha ndogo.

Hata hivyo, kuna mtego ambao wengi hawautazami. Kaya inayotumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa katika daraja la D1, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya tozo, sawa na shilingi 122 hivi baada yake. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 60 ililipa kama shilingi 7,320 kwa mwezi. Ikiongeza uniti 180 za gari, inatoka D1 na kuingia T1, na uniti zote 240, zikiwamo zile za taa, pasi na friji, zinauzwa kwa shilingi 356, jumla shilingi 85,440. Gari halikuongeza shilingi 64,080 bali 78,120, na gharama ya kweli ya kilometa ikawa shilingi 78. Bado ni nafuu kuliko petroli kwa mbali, lakini mwenye nyumba anayenunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, anastahili kuijua tofauti hiyo kabla ya kuifuta petroli katika bajeti yake. Nchini Kenya mambo ni tofauti, kwa kuwa mwaka 2023 mamlaka ya nishati, EPRA, iliidhinisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, ambayo saa za usiku ni karibu nusu ya ile ya mchana, na kipima saa kilichomo ndani ya Leaf humwezesha mwenye gari kulipanga lichaji katika saa hizo peke yake.

Sehemu ya tatu ya hesabu ndiyo huachwa mara nyingi zaidi, nayo ni kuchakaa kwa betri. Mwaka 2014 Nissan ilitangaza bei ya betri mpya ya kilowati-saa 24 kwa soko la Marekani kuwa dola 5,499, kwa sharti kwamba ya zamani inarudishwa. Ikichukuliwa dola moja kuwa shilingi 2,500, betri hiyo ni kama shilingi milioni 13.75 kabla ya usafirishaji na ushuru. Ikiwa betri itahudumu kilometa 120,000 kabla ya kuchoka kiasi cha kubadilishwa, kila kilometa hubeba shilingi 115 za uchakavu, na ikijumlishwa na umeme wa T1 gharama huwa shilingi 179, chini ya petroli. Ikiwa joto litaifupisha huduma hiyo hadi kilometa 80,000, uchakavu hupanda hadi shilingi 172 kwa kilometa, jumla inakuwa shilingi 236, na faida yote ya umeme imeyeyuka. Mfano huu ni mkali kwa makusudi, kwa sababu betri zilizotumika hupatikana kwa bei ya chini zaidi na betri iliyochoka haikosi thamani, lakini unaonyesha mahali ambapo uzito wa jambo umelala: tofauti kati ya gari linaloleta akiba na gari lisiloleta haiamuliwi na bei ya uniti, inaamuliwa na idadi ya miaka ambayo betri inadumu.

Kwa msingi huo Nairobi na Dar es Salaam si soko moja. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, ina usiku wa baridi ambao huiruhusu betri kupumzika, na haishangazi kwamba huduma ya teksi ya Nopia Ride, iliyoanza mwaka 2018, iliweza kutumia magari ya Leaf huko. Dar es Salaam na Mombasa hazina usiku wa namna hiyo. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hufikia nyuzi 32 hivi, lami huwa na joto zaidi, na sanduku la betri lililo karibu na lami hiyo hupoa polepole mno. Mwenye Leaf wa pwani analazimika kufanya kwa tabia kile ambacho mtengenezaji hakukifanya kwa bomba na pampu. Ataegesha kivulini, atachaji alfajiri baada ya gari kupoa badala ya kulichomeka mara tu linapofika, ataishia asilimia 80 siku ambazo safari ni fupi, na hataliacha likiwa limejaa mwisho wa juma mzima. Mambo haya hayana gharama ya fedha, lakini yanahitaji uangalifu wa kudumu, na uangalifu huo nao ni sehemu ya bei ya gari.

Umbali nao hupungua kadiri betri inavyochoka. Betri ya uniti 24 ikiwa mpya huruhusu dereva kutumia kama uniti 21.5; ikibakiwa na asilimia 70 ya uwezo, hizo huwa 15, zinazotosha takriban kilometa 95, na dereva mwenye busara akiacha akiba kidogo hubakiwa na kilometa 80. Mkazi wa Kibaha anayefanya kazi katikati ya Dar es Salaam, safari ya kama kilometa 40 kwenda na kiasi hicho kurudi, amefika ukingoni. Foleni yenyewe haimdhuru sana, kwa kuwa mota iliyosimama haili umeme, lakini kiyoyozi kikitumia wastani wa kilowati moja, saa mbili za foleni ni uniti mbili, yaani kilometa 13 zilizopotea bila gari kusogea.

Kwa mnunuzi, basi, kazi ya kwanza ni kuisoma betri. Vidirisha vya dashibodi haviaminiki peke yake, kwa sababu kompyuta ya betri inaweza kurejeshwa upya kwa kifaa cha fundi, vidirisha vyote 12 vikawaka kwa muda kabla ya ukweli kurudi. Programu ya simu iitwayo LeafSpy, ikiunganishwa na kisomaji kidogo kinachochomekwa chini ya usukani, huonyesha asilimia ya uwezo uliobaki na tofauti ya volti kati ya seli moja na nyingine, na gari ambalo seli moja au mbili zimeshuka mbali na nyingine halifai hata kama asilimia yake inavutia. Magari ya Leaf ya baadaye, yenye betri ya uniti 30, yana kasoro ya upande wa pili: mwaka 2018, baada ya vipimo vya wamiliki wa New Zealand, nchi ambayo nayo huagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, kuonyesha betri hizo zikishuka haraka mno, ilibainika kwamba programu ya kompyuta ya betri ilikuwa ikitoa vipimo vya chini kuliko hali halisi, na Nissan ikatoa marekebisho. Gari ambalo halijapata marekebisho hayo laweza kuwa zima kuliko linavyojieleza. Waya wa kuchajia uliokuja nalo, uliotengenezwa kwa volti 200 za Japani, ubadilishwe na ule wa volti 230, na soketi yake ipewe laini yake yenyewe yenye waya mnene na athi inayofanya kazi.

Matengenezo mengine ni machache. Hakuna oili ya injini wala plagi, na pedi za breki hudumu kwa sababu mota hurudisha umeme kwenye betri gari linapopunguza mwendo; lakini gari lina uzito wa kama kilo 1,500, kwa hiyo matairi, bushi na shokapu huisha mapema katika barabara mbovu. Betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, ikifa huizuia Leaf kuwaka hata kama betri kubwa imejaa, na fundi asiyejua hilo huanza kutafuta ugonjwa mahali pasipo.

Kizazi cha tatu cha Leaf, kilichotangazwa mwaka 2025, ndicho cha kwanza kupewa betri inayopozwa kwa kimiminika, na kitachukua miaka kufika katika soko la magari yaliyotumika. Kwa magari yaliyopo, njia ya kweli ni karakana. Betri za uniti 30 na 40 huingia katika nafasi ya ile ya uniti 24, kwa msaada wa kifaa kidogo cha kutafsiri mawasiliano kati ya betri na kompyuta ya gari, na moduli mbovu zaweza kubadilishwa moja moja. Hapo fundi hukumbana na sharti la mpangilio wa mfululizo, yaani moduli kuunganishwa moja baada ya nyingine: moduli dhaifu kuliko zote ndiyo huamua wakati ambapo betri nzima inatangazwa kuwa tupu, hivyo moduli mpya iliyowekwa katikati ya moduli zilizochoka haiongezi umbali zaidi ya ule ambao dhaifu inayofuata inaruhusu. Fundi anayeijua kazi yake hupima moduli zote 48 kwanza, kisha hutafuta za kubadilisha zenye uwezo unaokaribiana na zile zinazobaki.