Neno "Mteremko" na Mlinganyo wa Mstari

Istilahi nzuri humwongoza msomaji. Mbaya humpoteza kabla hajaanza. Mfano ni neno "mteremko" linapotumika katika hisabati kueleza jinsi mstari mnyoofu ulivyolala au ulivyosimama.

Tuchukue mstari wenye mteremko wa 3 unaopita katika nukta (2, 5). Tunaandika y − 5 = 3(x − 2), nasi tunapata y = 3x − 1. Hesabu ni sahihi. Lakini tukiuchora, mstari huu unapanda: x ikiongezeka kwa 1, y huongezeka kwa 3. Kuteremka ni kwenda chini. Hapa hakuna kilichoteremka. Sisi tuliojifunza Kiswahili darasani huliamini neno kama lilivyo. Huenda tukauchora mstari ukishuka, kisha tukaambiwa hatujui hisabati, ilhali tumefuata lugha.

Wapo watakaosema kwamba njia ile ile ni mlima kwa anayepanda na mteremko kwa anayeshuka. Ni kweli, ila katika hisabati tumekubaliana kuusoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Msafiri ni mmoja na safari ni moja.

Kwa maoni yangu, "mwinamo" lafaa zaidi, kwa kuwa mti huweza kuinama upande wowote. Mstari wenye mwinamo chanya hupanda, wenye mwinamo hasi hushuka. Anayependa "mteremko" na alitumie, mradi amwambie mwanafunzi kwanza safari inaanzia wapi.