Sikio Kwanza: Namna ya Kupima Riwaya na Filamu

Riwaya inaweza kusamehewa mengi. Kisa chake kikilegea katikati, tutavumilia. Mwisho ukija ghafla, tutanung'unika na kusahau. Nisichoweza kusamehe ni wahusika wote kusema kwa kinywa kimoja. Kadiri ninavyosoma na kutazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kabla ya kuuliza hadithi inahusu nini, yafaa kusikiliza nani anamwambia nani, na anamwambiaje. Mswahili hafungui kinywa bila kuonyesha umri wake, malezi yake na mahali anapojiweka mbele ya mwenzake. Shikamoo iliyozuiliwa makusudi ni tukio zima. Mwandishi anayelijua hilo hahitaji kurasa tatu za kutueleza nani mwenye nguvu ndani ya nyumba.

Jaribu hivi. Fungua ukurasa wenye mazungumzo, ziba majina ya wasemaji, kisha soma kwa sauti. Usipoweza kumtenganisha mama mkwe na mkwewe, au mwalimu na mtoto aliyemwita ofisini, kitabu hicho kina ila ambayo kisa kizuri hakitaifuta. Vitabu vingi vinavyoandikwa kwa kulenga mitihani ya shule huanguka hapa, kwa kuwa kila mhusika amejazwa methali na misamiati mizito kana kwamba naye anatahiniwa. Methali iliyokaa vizuri hutoka kwa mtu mwenye haja nayo: bibi anayekwepa kulitaja jambo waziwazi, mzee anayetaka ubishi uishe watu wakalale. Kijana mwenye hasira akitoa methali mbili mfululizo, tena kamili bila kukosea, hapo ninamsikia mwandishi tu.

Kitabu kilichonithibitishia haya hivi karibuni ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Mkuki na Nyota waliitoa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, naye mwenyewe anadhani anasafiri na ndugu wa baba. Anayemfumbua macho ni Khalil, kijana mwingine aliyewekwa rehani kama yeye, anayeuza dukani kwa tajiri huyo. Khalil anamwambia kwamba yule si ami yake, na kwamba tangu sasa atamwita Seyyid. Hakuna mjeledi wala mnyororo katika tukio hilo, ila mtoto amenyang'anywa ukoo wake kwa kurekebishwa namna ya kumwita mtu. Nimeisoma riwaya hiyo kwa Kiingereza pia, na nasema bila kusita kwamba pigo hili kwa Kiswahili ni kali zaidi, kwani msomaji wetu amelelewa katika adabu hiyo hiyo ya kuitana. Safari ya bara nayo, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, hadi msafara unaponyang'anywa mali na Chatu, ina amri, masimango na woga vinavyosikika kila kimoja kwa sauti yake. Kipimo changu cha tafsiri ni hicho tu: je, watu wa kitabuni wanagombana kama watu wanavyogombana?

Kwenye filamu, sikio hufanya kazi kubwa zaidi. Fumba macho dakika tano. Ukiweza kusema uko uani, barabarani au ofisini, na nani yuko karibu na mlango, basi umekutana na mtu anayeijua kazi yake. Filamu zetu nyingi zilizouzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili zilishindwa jaribio hili kabla ya lingine lolote: upepo unapiga kwenye maiki, sebule ina mwangwi wa ghala, na kinanda kinatuamuru kulia kabla mwigizaji hajapata nafasi ya kutuhuzunisha. Wala tusiseme watazamaji wetu hawajali. Watu waliokulia kwenye mabanda ya video, wakisikiliza filamu za kigeni zikisimuliwa na Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, wana masikio makali. Walijua tangu zamani kwamba sauti moja yenye ufundi inaweza kuibeba filamu ambayo maneno yake hawayaelewi.

Mahali pazuri pa kupimia riwaya na filamu kwa pamoja ni Vuta N'kuvute. Adam Shafi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1999, na Amil Shivji akaitengenezea filamu iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mzee, anatoroka ndoa na kuingia mtaa wa Ng'ambo kwa rafiki yake Mwajuma; huko anakutana na Denge, mwanaharakati anayesakwa na serikali. Kwenye riwaya raha yangu kubwa ni porojo. Shafi anawaachia watu wake waseme, wataniane, wachelewe kufika kwenye hoja, na ndani ya kuchelewa huko ndimo mji unamojengeka. Inspekta Wright na Koplo Matata wanapomwinda Denge, kila mmoja anasema Kiswahili chake, na umbali kati ya mkoloni na askari wake unasikika bila kuelezwa.

Filamu imeyakata mengi ya hayo, na wapo walioikasirikia kwa sababu hiyo. Mimi naitetea. Ingeburuza kila tukio la kitabu, ingekuwa muhtasari wenye picha. Shivji amechagua kwenda polepole, kuwaacha Yasmin na Denge watazamane, na kuuweka muziki wa taarabu mahali pa maneno aliyoyaondoa. Mwajuma ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, kwa hiyo wimbo unapoanza hatuoni mtu anayejifanya kuimba. Ninachokikosa ni kile kicheko cha Ng'ambo. Watu wa filamu ni wazuri mno, wametulia mno, na uchungu wa siasa umepakwa urembo kidogo. Hata hivyo ni filamu inayomheshimu mtazamaji wake, na heshima hiyo ni adimu.

Jambo jingine la kutazama ni kazi. Angalia kama wahusika wana mikono inayofanya kitu. Shafi huyo huyo, katika Kuli ya mwaka 1979, anatupeleka bandarini Zanzibar kwa wachukuzi na mgomo wao wa 1948, na huwezi kumaliza kitabu hicho ukidhani gunia ni kitu chepesi. Linganisha na hadithi ambazo mtu ametambulishwa kuwa mfanyabiashara, nasi hatuoni hata siku moja anauza nini, kwa nani, kwa bei gani. Hapo mwandishi ameazima tu suti na gari.

Huzuni nayo ina kipimo chake. Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka Kenya mwaka 2018, inamhusu Jo, mtoto wa miaka tisa ambaye hatapona. Mama yake anamrudisha nyumbani kutoka hospitali. Dada yake anawashawishi wanakijiji wamfanye aamini kwamba ana nguvu za mashujaa wa sinema anazozipenda, kisha wote wanatengeneza filamu yake. Mada ya namna hii ingeweza kuwa mtego wa machozi. Kinachoiokoa ni kwamba watu wazima wanagombana: mama ana haki yake, dada ana haki yake, na mtoto anajua zaidi ya wanavyodhani. Kazi inayotaka tu ulie haikubali ugomvi wa namna hiyo, maana ugomvi huleta fikra.

Kuhusu ugumu, sina mengi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, ni kitabu chembamba na kigumu, lakini sentensi zake moja moja ni nyepesi na safi. Kinacholemea ni yale yanayofikiriwa. Sentensi zenyewe zikiwa na matope, usimwite mwandishi mwanafalsafa.

Anayetaka kujifunza kupima aanze na Kuli, afuatie na Vuta N'kuvute, ndipo atazame filamu yake. Na filamu hiyo asiitazame kwenye simu. Matukio yake ya usiku na ya vyumbani yana mwanga hafifu sana, na kioo kidogo huyageuza kuwa giza tupu. Atafute ukumbi, au walau ukuta mweupe na spika zinazosikika hadi uani.