Hodi Isiyosubiri Karibu: Kuhusu Aya ya Kwanza ya Insha ya Kushawishi

Naandika kutoka Guildford, magharibi ya Sydney.

Hoja naitanguliza, ili asiye na nafasi asipotezewe muda. Sisi tuliosomeshwa insha Afrika Mashariki, na watoto wetu wanaosomeshwa huku Australia, tumefundishwa kuanza insha ya kushawishi kwa njia mbili zinazoonekana mbalimbali lakini ni pacha. Sisi tulipewa methali, wao wamepewa swali. Zote mbili ni hodi ya mtu asiyesubiri karibu: keshaingia, keshakaa kitako, na wala hajatazama hii nyumba ni ya nani. Na ubaya wake hauishii shuleni, kama nitakavyoeleza kwa aibu yangu mwenyewe.

Guildford, kwa wasioijua, ni kituo cha treni kati ya Merrylands na Yennora. Ukishuka pale, harufu ya mkate wa zaatari kwa Walebanoni inakupokea kabla hujasikia neno la Kiingereza. Jirani yangu ni mama wa Uvira aliyekaa miaka mingi kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kufika huku. Binti yake yuko mwaka wa 7, na Jumamosi huja mezani kwangu na madaftari yake. Juzi alikuja na mazoezi ya insha: je, kila mwanafunzi alazimishwe kujifunza lugha ya pili? Alikuwa keshaandika mwanzo, nao kwa Kiswahili ungesomeka hivi: Je, umewahi kujiuliza maisha yangekuwaje kama sote tungezungumza lugha moja tu? Katika insha hii nitathibitisha kwa sababu tatu kwamba kila mwanafunzi anapaswa kujifunza lugha ya pili.

Nikamuuliza, "Huyu unayemuuliza kama amewahi kujiuliza, ni nani?"

Akacheka. "Hakuna mtu, Mwalimu. Hiyo ni ndoana. Lazima uanze na ndoana."

Basi tazameni, ndugu zangu. Msomaji kawa samaki.

Mtoto hana kosa. Mtihani wa taifa wa huku, NAPLAN, ulianza mwaka 2008 kwa watoto wa mwaka wa 3, 5, 7 na 9, na tangu 2011 insha ya kushawishi ni mojawapo ya aina zinazotahiniwa. Husahihishwa kwa vigezo 10, jumla alama 48. Kujali hadhira kuna alama 6, fikra 5, mbinu za kushawishi 4, tahajia 6. Yaani kuandika maneno bila kukosea herufi kunazidi fikra kwa alama moja! Na katika vigezo vyote 10 hakuna kinachoitwa ukweli. Mwaka 2018 Les Perelman, mtaalamu wa Kimarekani wa upimaji wa uandishi, aliandikia chama cha walimu wa jimbo hili, New South Wales, ripoti iliyoukosoa vikali mtihani huu, pamoja na jinsi unavyosukuma watoto kwenye insha ya aya tano iliyokatwa kwa kiolezo. Mtoto mwenye dakika 40 na ushee, na msahihishaji asiyemjua, atafanya nini kama si kushika kiolezo?

Hapo nilikuwa tayari kupiga kifua na kusema sisi kwetu tulifundishwa vizuri zaidi. Nikachukua kalamu, nikakata lile swali, nikaanza kumtafutia methali. Kisha nikajishika mkono.

Manake mimi nilifundisha darasa la nane pwani ya Kenya, enzi za KCPE, mtihani uliodumu kuanzia 1985 hadi 2023. Insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40. Nani kati yetu hakumfundisha mtoto kuanza na wahenga na wahenguzi? Mada iwe ukimwi, iwe usafi wa mazingira, iwe ajali za barabarani, wahenga walikuwa wamekwisha nena. Mtoto aliingia chumba cha mtihani na methali nne kichwani, akaichomeka inayokaribia kufaa. Niliwahi kusahihisha insha za darasa zima, zaidi ya nusu zikianza kwa methali moja, na methali hiyo nilikuwa nimeifundisha mimi wiki iliyotangulia. Wote niliwapa alama nzuri, eti lugha pambe.

Kwa hiyo tusichekane. Swali la balagha la mtoto wa Guildford na methali ya mtoto wa Kilifi zinafanya kazi moja: zinajaza mahali ambapo mwandishi alitakiwa kufikiri anasema na nani, na huyo mtu anaamini nini kwa sasa. Methali yenyewe haina dhambi. Mzee anayeamua ugomvi huitoa baada ya kusikiliza pande mbili, naye huitoa kwa sababu imetoshea. Sisi tuliihamisha kutoka mwisho wa shauri tukaiweka mlangoni.

Wapo watakaosema insha ya kubishana ni mavazi ya kuazima na ndiyo maana tunayavaa vibaya. Sikubali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa gazeti lake dogo la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akibishana na jamaa zake mwenyewe kuhusu elimu na mwenendo wao, na makala za Sahifa zikakusanywa katika Uwongozi mwaka 1944. Shaaban Robert naye alituachia Kielezo cha Insha. Mavazi ni yetu.

Sasa tumtazame Mwalimu Nyerere, kwa sababu yeye alikuwa mwalimu wa darasani, Tabora na Pugu, kabla ya siasa kumchukua, na mwaka mmoja wa 1967 unatupa mianzo miwili ya kulinganisha. Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari mwaka huo, linaanza na imani ya TANU, kifungu baada ya kifungu. Ule ni mwanzo wa kiapo. Unamfaa aliyekwisha kuwa ndani ya chama. Unamkumbusha kile alichokubali ili asikatae kinachofuata. Aliye nje hana pa kushika. Mwezi mmoja baadaye ikaja Elimu ya Kujitegemea, na hapo mlango ni mwingine kabisa. Anaanza na jambo ambalo kila mzazi wa Tanganyika angelikubali: kwamba tangu zamani, kabla ya uhuru, watu wamekuwa wakidai elimu zaidi kwa watoto wao. Kisha anageuza kidogo tu: lakini hatujasimama kujiuliza tunaitaka kwa ajili gani.

Nalo ni swali, mtasema, sasa tofauti iko wapi na lile la binti? Tofauti ni kwamba hili lina mtu wa kuulizwa, nalo linamgusa yeye muulizaji pia, aliyekuwa akiongoza serikali iliyojenga hizo shule. Halafu jibu lake halikuwa mfukoni mwa kila mtu. Ilibidi kijitabu kizima kilitafute. Swali la ndoana jibu lake ni ndiyo au hapana, na mwandishi hasubiri lolote kati ya hayo.

Mfano wa pili ni wa tafsiri yake. Tamthilia ya Shakespeare aliyoitoa 1963 kama Julius Caezar, akaisahihisha ikatoka tena 1969 kama Juliasi Kaizari, ina hotuba mbili mbele ya umati uleule. Brutus anatangulia. Anawataka wanyamaze wamsikie, na wamwamini kwa sababu ya heshima yake. Umati unakubali, lakini umekubali jina lake tu. Anakuja Antony, ambaye wasikilizaji wameshageuzwa dhidi ya maiti aliyoibeba. Yeye anaanza pale walipo: anawaambia hakuja kumsifu marehemu, amekuja kumzika. Kamkubalia Brutus mbele ya macho yao, na kwa kumkubalia kapata masikio.

Kwa ufundi, Antony ndiye bora. Lakini kumbukeni kwamba ile ahadi ya mwanzo hakuitimiza, na mwisho wa hotuba mji unawaka moto, na mshairi wa watu anauawa kwa kosa la jina lake tu kufanana na la mmoja wa wauaji. Mwanzo mzuri unaweza kuwa mwanzo wa uongo. Ndiyo maana mtihani unaotoa alama kwa mbinu na kuacha ukweli nje unanitia wasiwasi, na vilevile mwalimu niliyetoa alama kwa pambo.

Sasa aibu yangu niliyoahidi. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi, katika ukumbi mdogo wa kuazima huku magharibi. Ukaja wakati wa kuomba upya nafasi. Mimi, msomi wa kundi, nikapewa kuandika barua. Nikaandika kama nilivyolelewa: salamu na shukrani aya ya kwanza, historia ya jumuiya yetu aya ya pili, umuhimu wa lugha mama aya ya tatu, pamoja na methali niliyoitafsiri kwa Kiingereza. Ombi lenyewe likatokea aya ya nne, kwa unyenyekevu. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, likitushukuru kwa kuwaeleza habari za utamaduni wetu, na likiuliza kama kuna jambo lolote tungependa kusaidiwa. Nafasi ilikuwa imeshapewa kikundi kingine. Watoto 14 wakatawanyika, na darasa lile halijarudi.

Nilikasirika sana, nikasema hawa watu hawana adabu ya kusoma. Siku hizi naona hivi: salamu ndefu haikuwa kosa. Khatibu msikitini huanza kwa hamdala na sala kwa Mtume, na hakuna anayechoka, kwa sababu kila mtu anajua kwamba itafika "ama baad", na hapo shughuli inaanza. Barua zetu za zamani nazo zilikuwa na "baada ya salamu, dhumuni la barua hii". Hiyo ndiyo bawaba ya mlango. Barua yangu haikuwa na bawaba ambayo mgeni yule angeweza kuiona. Nilimwandikia mzee wa kijijini ambaye hayupo Sydney.

Nirudi kwa binti. Nilipomwambia aache ndoana, nilimpa shauri ambalo walimu wengi wa huku hulitoa, na nililiona zuri: anza na habari yako mwenyewe. Nilijua kwamba yeye ndiye anayemtafsiria mama yake kwa daktari na kwa wakala wa nyumba, na kwamba asubuhi nyingine anakosa kipindi kwa kazi hiyo. Nikasema, andika hilo, hakuna msomaji atakayeweka karatasi chini.

Akanyamaza. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, hilo ni la nyumbani."

Waungwana, nilikosa jibu. Tunawaambia watoto waliopitia kambini kwamba mlango wa kusikilizwa ni jeraha lao. Walifunue kwanza, halafu watu watasikia hoja. Familia zao zimeshayasimulia hayo kwa maofisa ili zipate hifadhi. Leo tunawataka wayasimulie tena ili wapate alama 6 za hadhira? Hii nayo ni ndoana, ila chambo chake ni nyama ya mtoto mwenyewe. Anayetaka kusimulia asimulie, ni haki yake. Lakini mwalimu asimtume.

Tukaanza upya. Nikamuuliza, darasani kwenu anayepinga lugha ya pili anasemaje? Akasema, "Wanasema Kiingereza kinatosha, dunia nzima inakisema." Na wewe? "Mimi pia nilisema hivyo mwaka jana." Basi, nikamwambia, anzia hapo. Akaandika kwamba wengi katika darasa lake wanaamini Kiingereza kinatosha, kwamba yeye pia aliamini hivyo, na kwamba ataeleza ni kipi kilichombadilisha na kipi ambacho bado hana hakika nacho. Sentensi tatu. Hakuna wahenga, hakuna ndoana, na siri ya mama yake imebaki ndani.

Itampa alama ngapi, sijui, na nilimwambia hivyo. Pengine msahihishaji atalitafuta swali la balagha asilione. Mama yake aliponiuliza mlangoni kama kazi imekwenda, nilimjibu kwamba binti keshajua kubisha hodi. Akasema, "Na wakimfungulia, awe na la kusema." Nimelibeba neno hilo mpaka leo.

Wenzangu mnaofundisha huko mliko, Muscat, London, Minneapolis: leteni mianzo ya wanafunzi wenu, bila majina yao, tuitazame pamoja. Mimi yangu ya aibu nimeshaitoa.

Naomba kuwasilisha.