Finch Amepanda, Sisi Je?

Mchezo wa nyimbo uitwao How to Succeed in Business Without Really Trying ulianza Broadway, New York, mwaka 1961. Ukachezwa mara 1,417, na mwaka 1962 ukapata tuzo ya Pulitzer. Nyimbo ni za Frank Loesser. Sisi na vijana wa kituo tulitazama filamu yake ya 1967, kompyuta moja, spika ya kuazima.

Finch ni kijana msafisha madirisha. Ananunua kitabu kinachofundisha kupanda cheo, anaingia kampuni ya wiketi, na kila ukurasa unampa mbinu: nani wa kumsifia, lini ajifanye amekesha kazini. Anafika mpaka juu kabisa. Kazi yenyewe, jamani, hatumwoni akiifanya.

Tulicheka sana, na tulicheka kwa haki. Nani hapa kambini hamjui mtu kama Frump, mpwa wa mke wa bosi, anayetaka cheo kwa kupiga simu nyumbani? Na mzee Twimble, miaka 25 katika chumba cha barua kwa kuitikia kila neno la mkubwa! Hapo kijana mmoja akauliza, "Sasa miaka yote hiyo ameambulia nini?" Wakubwa wamechorwa vizuri, mpaka unawaona.

Wasichana ndio wameachwa. Rosemary na Smitty ni makatibu wenye akili kuliko mabosi wao, ila ngazi hawapewi. Rosemary anaota kumngojea mume tu. Mchezo unaliona hilo, unalicheka, unapita.

Lakini kasoro kubwa iko mwishoni. Mpango wa Finch wa kutafuta hazina kwenye televisheni unaharibika, ofisi zinavurugwa, wakubwa wanangoja kufukuzwa. Finch anaimba kwamba binadamu wote ni ndugu. Mwenyekiti, ambaye kumbe naye aliwahi kusafisha madirisha, analainika. Anayefukuzwa ni Frump peke yake. Yaani kufukuzwa kazi kumekuwa adhabu ya mtu mbaya, na kijana anaweza kutoka hapo akiamini kwamba aliyepoteza kazi lazima alikosea.

Sisi tunajua si hivyo. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zilipopungua, walioachishwa ni pamoja na watu wa insentivu waliokuwa wakifika kabla ya saa. Wangemwimbia nani? Aliyeamua yuko mbali, hata majina yao hayajui. Na hata kabla ya hapo, ngazi yetu ilikuwa fupi: mkimbizi anapewa posho, mwenye mkataba anapewa mshahara, na kazi wakati mwingine ni ileile. Kitabu cha Finch hakina ukurasa wa jambo hilo.

Bado nasema itazameni, na nyinyi wa mashirika njooni mkae nasi. Msiilete kama somo la kutafuta kazi. Isimamisheni pale wakubwa wanapongoja kufukuzwa, kabla wimbo haujaanza, halafu tuulizane: nani anaamua, kwa kipimo gani, na mtu wa chini kabisa ataambiwa lini? Mchezo umeruka maswali hayo ili watu warudi nyumbani wakifurahi. Sisi tuna muda wa kuyajibu.