Uzi Unaoteleza Ndio Unaozungusha Mpira

Gustavo Kuerten wa Brazil alipotwaa ubingwa wa Roland Garros mwaka 1997, alikuwa wa 66 kwa ubora duniani, na raketi yake ilifungwa nyuzi za poliesta za Luxilon, kampuni ya Ubelgiji ambayo wapenzi wengi wa tenisi hawakuwa wameisikia. Alipiga kwa nguvu zote, mpira ukapaa juu ya wavu, kisha ukazama ghafla kabla ya kuvuka mstari. Poliesta ikaenea haraka miongoni mwa wachezaji wa kulipwa, nao wakawa na maelezo yao: uzi huu unaung'ang'ania mpira. Vipimo vilionyesha siri iko kwingine.

Kumwuliza mchezaji tu hakutoshi. Anapobadilisha uzi, hubadilisha pia upigaji wake bila kujua. Uzi mgumu hausukumi mpira mbali, kwa hiyo mkono huachia pigo kubwa zaidi, na pigo kubwa huongeza mzunguko. Sifa inayopewa uzi huenda ni ya mkono. Ndiyo maana wapimaji huanza kwa kuutenga uzi na mchezaji.

Katika kipimo kilichozoeleka Marekani, uzi mmoja hubanwa ncha zote mbili, huvutwa hadi pauni 62, yaani kama kilo 28, na huachwa utulie kwa sekunde 200. Kisha hugongwa kwa nyundo mara tano, kwa nguvu inayolingana na ya kupiga sevu ya takribani kilomita 190 kwa saa. Majibu hutoka mawili: uzi umelegea kiasi gani, na ni mgumu kiasi gani unapogongwa. Uzi wa utumbo wa mnyama, ambao Babolat ya Ufaransa ilianza kuutengeneza mwaka 1875, ndio laini kuliko nyingine na hulegea kidogo. Poliesta nyingi zina ugumu unaozidi wa utumbo mara mbili, na hulegea upesi.

Takwimu hizo zinasaidia kueleza kwa nini baadhi ya wachezaji hulalamikia kiwiko. Kuhusu mzunguko hazisemi kitu. Mpira hukaa kwenye nyuzi kwa takribani sehemu tano za elfu moja za sekunde, muda ambao jicho haliwezi kuufuatilia, kwa hiyo ilibidi kutumia kamera za kasi kubwa. Picha zikaonyesha kwamba raketi inapopanda, mpira huzisukuma nyuzi za wima pembeni, zikateleza juu ya zile za mlalo, kisha zikafyatuka kama manati na kurudi mahali pake mpira ukiwa bado haujaondoka. Mfyatuko huo ndio unaouongezea mpira mzunguko. Mtafiti wa Japani, Yoshihiko Kawazoe, alilainisha makutano ya nyuzi kwa kilainishi, na mzunguko ukaongezeka.

Crawford Lindsey, aliyeandika vitabu vya ufundi wa tenisi pamoja na mwanafizikia Rod Cross wa Australia, aliligeuza jambo hilo kuwa kipimo. Uzi huburutwa juu ya uzi mwenzake, kisha hupimwa msuguano wake na mpira. Msuguano wa uzi na mpira ukigawanywa kwa ule wa uzi na uzi, jibu kubwa ni dalili ya uzi unaoshika mpira lakini unateleza juu ya mwenzake. Poliesta zinaongoza hapo.

Dalili ilikuwapo tangu 1977. Mwaka huo Ilie Năstase alitumia raketi ya "spageti", yenye nyuzi za wima zilizoachwa ziteleze bila kizuizi, dhidi ya Guillermo Vilas huko Aix-en-Provence. Vilas, aliyekuwa ameshinda mechi 53 mfululizo kwenye viwanja vya udongo, aliachia mechi baada ya seti mbili. Raketi hiyo ikapigwa marufuku. Poliesta ilirudisha sehemu ya faida ileile bila kuvunja kanuni.

Kwa mnunuzi, basi, maneno "hung'ata mpira" kwenye pakiti hayatoshi. Atafute ugumu, kasi ya kulegea na utelezi, kisha aikague raketi yake mwenyewe. Poliesta huchimbika mifereji midogo kwenye makutano. Nyuzi za wima zikianza kubaki zimepinda baada ya pigo, mpaka azirudishe kwa vidole, wakati wa kuzibadilisha umefika, hata kama hakuna uliokatika.