Sabuni Ilisubiri: Injini ya 1HZ Ilivyofufuliwa Uani

Mtu akinunua Land Cruiser kuukuu ya mnada, safari ya kwanza huwa ni kwenda kwa waosha magari. Boneti inafunguliwa, sabuni inamwagwa, maji ya presha yanapigwa, na muda si mrefu injini inang'aa. Mwenye gari anafurahi, kumbe ameshalipa pesa ili ushahidi ufutwe. Injini ya 1HZ ninayoichambua hapa ilirudishwa katika hali nzuri nyumbani, Dodoma, na fundi mmoja na mwenye gari, bila lifti wala mitambo ya gereji kubwa. Iliwezekana kwa sababu ya mpangilio: uchafu ulisomwa, vipimo vikachukuliwa, ndipo sabuni ikaguswa. Na kuna sehemu ambazo hazikufunguliwa kabisa.

Tuanze na injini yenyewe. 1HZ iliingia sokoni mwaka 1990 na ndiyo inayoendesha Land Cruiser nyingi za familia ya 70, zile tunazoziita mkonga. Ina silinda sita katika mstari mmoja, kipenyo cha milimita 94, mwendo wa pistoni milimita 100, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164. Haina tabo, na pampu yake ya dizeli inafanya kazi kimakanika, bila kompyuta ya kuiamrisha. Inabana hewa kwa uwiano unaozidi 22 kwa 1, na joto la hewa hiyo ndilo linaloiwasha dizeli. Kwa anayefanya kazi uani, hiyo ni bahati kubwa: karibu kila ugonjwa wa injini hii unaonekana kwa macho, unasikika, au unapimika kwa vifaa vya kawaida.

Gari hili lilikuwa limekula vumbi jekundu kwa miaka mingi, na injini ilikuwa imevaa ganda zito la oili na udongo. Fundi alitumia kanuni nyepesi. Oili inayovuja huvutwa chini na uzito wake, na husukumwa nyuma na upepo wa feni. Basi mahali palipolowa juu kabisa na mbele kabisa ndipo penye chanzo. Palipolowa chini na nyuma pengine panapokea tu. Wasiojua hili hubadilisha sili ya chini wakati oili inateremka kutoka kwenye tapeti kava.

Kisha inafuata aina ya uchafu. Oili hunasa vumbi na kujenga ganda jeusi. Dizeli hufanya kinyume: inaosha, kwa hiyo inapovuja huacha kiraka safi chenye unyevu katikati ya uchafu. Kulanti hukauka na kuacha unga au ukoko wenye rangi yake. Kwa alama hizo tatu, kabla hata spana haijatoka kwenye boksi, orodha ilikuwa tayari. Gasketi ya tapeti kava ilikuwa imekauka na inavujisha. Wota pampu ilikuwa na ukoko chini ya kile kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili kutoa taarifa sili yake ya ndani inapokufa. Chini ya pampu ya dizeli palikuwa na kiraka safi. Na mahali injini inapokutana na gia boksi palikuwa na unyevu wa oili.

Kile kiraka safi kinastahili maelezo zaidi. Fundi mwenye haraka angetangaza kwamba pampu imekufa, na hilo ni tangazo la gharama kubwa. Hapa walifuatilia unyevu kwenda juu, wakakuta unaanzia kwenye hozi ndogo ya kurudisha dizeli, iliyopasuka kwa uzee. Kama injini ingeoshwa kwanza, njia ile ya unyevu isingekuwapo tena, na pampu nzima huenda ingeng'olewa bure.

Baada ya macho yakaja majaribio ya kupima. La kwanza ni kupumua kwa injini. Ikiwa imewashwa na kutulia, kifuniko cha oili kilifunguliwa na kuwekwa kichwa chini juu ya tundu lake. Kikirushwa na upepo mkali, ringi za pistoni zimechoka na moto unapenya kwenda chini. Hiki kilitikisika kidogo tu, kikabaki mahali pake. La pili ni bomba la hewa. Kidole kilipitishwa ndani ya bomba baada ya filta, upande unaoelekea kwenye injini. Vumbi likipatikana hapo, filta haikai vizuri, na mchanga umekuwa ukisaga silinda kwa muda ambao hakuna ajuaye. Kidole kilitoka safi.

La tatu ni kompresheni. Maeneo ya hita plagi yalipulizwa hewa kwanza ili mchanga usiangukie ndani, plagi zikafunguliwa injini ikiwa na joto kidogo, kwa kuwa zilizoshikwa na masizi hukatikia ndani kirahisi. Dizeli ikakatwa kwa kuchomoa waya wa kizimio kilicho kwenye pampu, na geji ikafungwa kwenye tundu la kila plagi kwa zamu huku betri yenye chaji kamili ikizungusha stata. Cha kutazamwa zaidi hapa ni jinsi silinda sita zinavyolingana. Moja ikiachwa mbali na wenzake, kuna valvu, ringi au gasketi ya hedi inayopitisha. Hizi zilikaribiana. Mjadala wa kuteremsha injini ukafungwa siku hiyohiyo.

Sasa sabuni ikapata zamu. Injini iliachwa ipoe kabisa, maana maji baridi kwenye chuma cha moto hualika nyufa. Waya wa hasi wa betri ulitolewa, altaneta ikafunikwa kwa mfuko wa plastiki, na njia ya hewa ikazibwa. Ganda nene lilikwanguliwa kwa kipande cha mbao, kisha mafuta ya taa yakapakwa kwa brashi na kuachwa yalainishe. Baadhi ya mafundi hutumia petroli kwa sababu inakausha upesi. Lakini mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa huhitaji joto la karibu nyuzi 40 au zaidi ili mvuke wake uweze kuwaka. Cheche moja ya waya ndiyo tofauti ya kazi na msiba. Soda kali nayo iliwekwa kando: inaondoa oili vizuri, ila inakula aluminiamu, na kasha la pampu ya dizeli ni la aluminiamu.

Kusuuza kulifanywa kwa maji ya sabuni na mpira wa kawaida wa bustani. Presha kubwa husukuma maji kwenye soketi za umeme na nyuma ya kava la taiming belti. Majitaka yalikingwa kwenye karai, oili ikatengwa kwenye dumu, haikumwagwa mtaroni.

Kuosha kabla ya kufungua kuna sababu yake pia: tapeti kava ikitolewa penye ganda, mchanga unaanguka juu ya kamshafti. Na kwa kuwa kava ilikuwa inatoka kwa ajili ya gasketi, nafasi za valvu zikapimwa hapohapo, injini ikiwa baridi. Vipimo vyake ni milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza hewa, na 0.35 hadi 0.45 kwa za kutoa moshi. Baadhi ya zile za moshi zilikuwa zimebana. Hili halina kelele, na ndiyo hatari yake. Valvu yenye nafasi kubwa inagonga na kujitangaza; iliyobana iko kimya, haikai sawasawa kwenye kiti chake, joto linakosa pa kutokea, na mwisho inaungua. Shimu za unene sahihi zikatafutwa na kuwekwa.

Taiming belti ilibadilishwa bila kujadiliwa. Ilionekana nzima, lakini historia yake haikujulikana, na ile taa ya dashibodi inayokumbusha huweza kurudishwa mwanzo na mtu yeyote bila belti kuguswa. Ikikatika, pistoni hugonga valvu. Wota pampu, hozi za dizeli na za maji, na fenibelti nazo ziliwekwa mpya. Nozeli zilipelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzipimia, zikarudi na washa mpya za shaba. Pesa ilikwenda huko. Rangi ya kunyunyizia haikununuliwa, kwa kuwa injini iliyopakwa rangi inaficha uvujaji wa kesho.

Yaliyoachwa ni pampu ya dizeli na hedi. Pampu hii inalainishwa na dizeli yenyewe, na vipande vyake vya ndani vimekaziana kwa nafasi ndogo mno; kuifungua penye vumbi la Dodoma ni kuiharibu. Pampu ilichohitaji ni dizeli safi: filta mpya, na maji yaliyotuama kwenye tenki yakatolewa. Hedi nayo, kompresheni zikiwa zinalingana na maji hayana dalili ya oili, haina kosa la kuifungulia.

Uthibitisho ulifanywa kwa poda ya watoto. Hewa ilitolewa kwenye njia ya dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, injini ikawashwa, ikapata joto, ikazimwa na kukaushwa. Poda ikapulizwa kwenye maungio yote, gari likatembezwa. Penye uvujaji poda hubadilika rangi. Tapeti kava ilibaki nyeupe, wota pampu vilevile, na chini ya pampu ya dizeli pakavu. Doa lilitokea sehemu moja: kwenye maungio ya gia boksi, dalili ya sili ya nyuma ya krenki.

Sili hiyo haikubadilishwa. Kuifikia ni lazima gia boksi ishuke, na klachi bado ina maisha. Uvujaji ni wa unyevu tu, haudondoki. Uamuzi ulioandikwa kwenye daftari la gari ni kupima oili kila wiki kwa dipstiki, na kuibadili sili siku klachi itakapofunguliwa, kazi mbili kwa gharama ya kushusha gia boksi mara moja. Oili ikianza kudondoka kabla ya hapo, gia boksi itashuka mapema. Huo ndio ufundi ambao gari la mnada linauhitaji kuliko kung'arishwa: kujua kila tone linatoka wapi, na lipi linaweza kusubiri.